"By" si "hadi": neno dogo lililonitaabisha ughaibuni

Nilipohamia Uingereza nilidhani neno "by" nimekwisha kulimaliza darasani. Nyumbani tulifundishwa kwamba ni "na" ya kutendwa, kama katika "barua iliandikwa na karani", au "kwa" ya chombo cha safari, kama katika "kusafiri kwa treni", na mafunzo hayo ni sahihi. Vipimo navyo havina taabu, kwani chumba cha mita 3 kwa 4 hutajwa kwa "by", na bei iliyopanda kwa asilimia 10 vilevile.

Lililonishinda ni "by" ya wakati. Juma langu la kwanza kazini nilimwandikia mwenzangu "I will be in the office by Friday", nikikusudia kwamba nitakuwapo hadi Ijumaa. Yeye alielewa kwamba bado sijafika, na kwamba nitafika Ijumaa au kabla yake. Basi hakuja kuniona hata siku moja, nami nikamngoja juma zima nikidhani ana kiburi. Kosa lilikuwa langu. Nilipaswa kuandika "until", neno la hali inayoendelea mpaka siku fulani ndipo ikome, ilhali "by" hutaja ukomo ambao jambo lazima liwe limetimia kabla haujapita.

Wapo wenzetu wanaosema kwamba Kiswahili hakina tofauti hiyo, nami sikubaliani nao. Tunayo "kufikia Ijumaa", tunayo "kabla ya Ijumaa kwisha", ila tumezoea kuitwisha "hadi" mizigo yote miwili. Msomaji wa tangazo lisemalo "leteni fomu hadi Ijumaa" huokolewa na muktadha, kwa kuwa hakuna aletaye fomu moja mfululizo kwa siku tano. Tukihamishia mazoea hayo katika Kiingereza, ambacho kimekwisha kuyagawia maneno "by" na "until" kazi zao, muktadha hautuokoi tena. (Saa ndizo mbaya zaidi: "by five" ya jioni ni kufikia saa kumi na moja, na hadi leo hugeuza hesabu kichwani kabla ya kujibu.)

Hata hivyo, wenyeji nao hawana uhakika wote tunaowadhania. Siku hizi nikipewa kazi ya "by Friday" huuliza kama ni Ijumaa asubuhi au jioni, na aghalabu aliyenipa husita kwanza.