1066 imepewa sifa kupita kiasi? Tuzipime upya tarehe za Uingereza ya zama za kati

Muulize mtu yeyote anayependa historia ya Uingereza akutajie tarehe moja tu ya zama za kati, atakwambia 1066, mwaka Wanormani wa kaskazini mwa Ufaransa walipoiteka England, wala hafikirii. Akijikaza sana ataongeza 1215 ya Magna Carta, ile hati ya kumwekea mfalme mipaka, basi. Mi nina ubishi kidogo na hiyo listi. Sio kwamba 1066 ilikuwa mwaka mdogo, hapana, ila naona tumeibebesha sifa ambazo nyingine ni za 1016 na nyingine, tena kubwa zaidi, ni za 1348 tauni ilipoingia.

Tuanze na wanaoitetea maana wana hoja nzito. Mfalme Edward kafa tarehe 5 Januari hana mtoto, kesho yake tu Harold Godwinson kavishwa taji, haraka ya kutia shaka ukiniuliza mimi. Septemba Harald Hardrada wa Norwei akatua kaskazini, Harold akamfuata mbio mbio na tarehe 25 akamchapa pale Stamford Bridge, Hardrada mwenyewe akafia hapo hapo. Siku 3 baadae William, mtawala wa Normandy, huyo, anashuka Pevensey, kusini kabisa. Tarehe 14 Oktoba Harold akauawa Hastings, na siku ya Krismasi William akavishwa taji Westminster, hata hiyo sherehe yenyewe ikaingia nyongo maana askari wake waliokuwa nje walisikia kelele za kumshangilia mfalme wakadhani ni uasi, wakaanza kuchoma nyumba za jirani.

Ila ishu kubwa sio vita, ni ardhi. Mwishoni mwa 1085 William aliagiza nchi ikaguliwe shamba kwa shamba, kazi ikafanyika 1086, hilo ndo daftari linaloitwa Domesday, na ukilisoma unaona makabaila wa Kiingereza wamefagiliwa mbali karibu wote, waliobaki na mashamba makubwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Maaskofu vilevile, aliyedumu muda mrefu kuliko Waingereza wenzake ni Wulfstan wa Worcester aliyekufa 1095. Na kule kaskazini walipoasi, majira ya baridi ya 1069 kuingia 1070, William alichoma mazao, mifugo, vyakula, watu wakafa kwa njaa. Kwa upande mwingine kuna jambo linalompa William pointi na halisemwi sana: Domesday bado linaonyesha watumwa, kama mtu 1 kati ya 10 hivi, lakini baada ya vizazi vichache utumwa ule ukawa umekwisha, na 1102 mkutano wa kanisa London ukakataza kuuza watu kama mifugo. Sio huruma tu, tusidanganyane, kabaila alishaona bora mtwana, yaani mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana, mwenye kijishamba chake anayejilisha mwenyewe kuliko mtumwa unayemlisha mwaka mzima.

Haya, 1016 sasa. Mwaka ule Cnut wa Denmaki aliiteka England yote, nusu karne kabla ya Hastings, na hatuisikii kabisa. Kwa nini naileta? Kwa sababu ndo iliyomfanya Edward akulie uhamishoni Normandy kwa wajomba zake, mama yake Emma alikuwa wa huko (na huyo Emma akaja kuolewa na Cnut, mama alijua kuishi na kila serikali), hivyo Edward aliporudi kuwa mfalme 1042 alikuwa na marafiki wengi Wanormani na William akapata pa kusemea kwamba yeye aliahidiwa kiti. Na baba yake Harold, mzee Godwin, alipandishwa cheo na nani? Cnut huyohuyo. Yaani wote wawili waliogombana Hastings walipata nguvu zao kwenye mambo ya 1016. Tatizo la hoja yangu hapa ni kwamba Cnut aliendelea na sheria za wenyeji, hakuwanyang'anya ardhi kwa kiwango cha William, na ukoo wake ukaisha mapema, kwa hiyo naelewa kwa nini watu wameisahau.

1215 sitaikalia sana. Mfalme John aliikubali Magna Carta Juni, Agosti Papa Innocent wa Tatu akaifuta, nchi ikaingia vitani. Iliyokuja kushika ni ile iliyotolewa upya 1225, John alishakufa zamani.

Kwa mtu wa kawaida, yule wa jembe, mi nasema 1348 ndo mwaka wenyewe. Tauni iliingia kwa meli pwani ya Dorset, hadi 1349 inaisha makadirio ya waliokufa ni kati ya theluthi na nusu ya watu wote. Waliobaki wakagundua mikono yao ina bei. Mwaka 1349 ikatoka amri na 1351 Bunge likapitisha sheria kwamba mshahara urudi kama ulivyokuwa kabla ya tauni, na wewe jiulize, nani anatunga sheria ya kuzuia kitu ambacho hakitokei? Hata lugha, 1362 ikaamriwa kesi zijadiliwe kwa Kiingereza, karibu miaka 300 baada ya Wanormani kuleta Kifaransa chao.

Wapinzani wana jibu na ni zuri, linanisumbua kweli. Ulaya mashariki nako tauni ilipita, lakini karne zilizofuata utwana ukakazwa badala ya kulegea, so ugonjwa peke yake haumkomboi mtu. Halafu kabla ya tauni kulikuwa na njaa kubwa ya 1315 hadi 1317, watu walishapungua. Ni kweli. Ila England nako mabwana walijaribu kukaza, mwishoni mwa 1380 wakaleta kodi ya kichwa shilingi moja kwa mtu, 1381 watu wakaasi, wakaingia London, wakamkata kichwa askofu mkuu, kiongozi wao Wat Tyler akauawa, kisha mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 14, akameza ahadi zake zote. Waasi walishindwa, lakini utwana ukaendelea kufa kimya kimya, kwa sababu mtwana alikuwa anatoroka usiku na bwana wa kijiji cha mbele, ambaye mashamba yake yamelala, anampokea bila maswali.

Na kuna kisa cha 1377, miaka 4 kabla ya uasi, kinachoziunganisha 1066 na 1348. Wakulima wa vijiji vingi vya kusini walichanga hela wakanunua nakala rasmi za kurasa za Domesday, wakidai kijiji chetu kilikuwa mali ya mfalme tangu zamani kwa hiyo hatudaiwi kazi za bure kwa bwana yeyote. Daftari la William, lililoandikwa ili ijulikane nani anamiliki nini, wao wanamwonyesha nalo kabaila. Bungeni mwaka huohuo wenye ardhi wakaja juu, na ikaamuliwa nakala zile hazimwachii mtu huru.