Tairi za theluji hazifai joto la Pwani

Makala moja niliyosoma inasema tairi yenye alama ya M+S ndiyo salama zaidi msimu wa mvua huku Pwani, kwa sababu imetengenezwa kwa matope na theluji. Hapo napinga. Nafanya kazi ya matairi Malindi, na magari mengi kutoka Japani hufika na tairi za baridi, ambazo nyingi zina alama hiyo hiyo ya M+S: ubavuni zimeandikwa STUDLESS (yaani zisizo na misumari), au zina mchoro wa mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Mpira wake umechanganywa ili ubaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7. Malindi hata usiku wa Julai ni nadra kufika chini ya 20! Ukibonyeza meno yake kwa kidole gumba yanabonyea, na yamejaa mikato myembamba ya kung'ata theluji. Lami ya kwenda Gongoni ikishapata jua la mchana, mpira huo unalegea, gari linachelewa kusimama ukikanyaga breki, na meno yanalika upesi. Tairi ya misimu yote ni afadhali, iko katikati, lakini kwa joto letu ile ya kiangazi yenye mifereji mirefu ya kutoa maji ndiyo hushika barabara vizuri, hata kwenye mvua. Tazameni pia tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi, mjue ilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kinachonitia hofu ni tairi hizi za baridi kufungwa kwenye matatu zinazobeba watu hadi Mombasa. Wenzangu wa Lamu na Kilifi, mliponunua gari, muuzaji aliwaambia tairi zake ni za aina gani?