Kuku wangu, banda langu, ila mwenye nyumba ni nyigu

Jamani mwenzenu nina kuku kumi na mbili, majike kumi na moja na jogoo mmoja ambaye nitamsema baadaye, lakini kwa sasa hivi ukiniuliza nafuga nini nitakwambia nafuga nyigu. Maana kuku wamehama. Wanalala juu ya mwembe kama kanga wa porini, wanataga wanakojisikia, juzi nimekuta yai ndani ya kiatu changu cha kazini na wala sikuliona kwa macho, nimelijua kwa mguu.

Kosa ni langu, wala sikatai. Banda nilijengewa na fundi wa hapa hapa Chanika, mirunda minne, mabanzi ya kuzungushia na bati tatu za kuokoteza. Fundi akaniambia bosi nipe elfu kumi nikachukue oili chafu gereji nikupakie hizi mbao, hutasumbuliwa na mdudu. Nikamwambia fundi mimi na mchwa tunaheshimiana, acha tu. Nikajiona mjanja kweli, elfu kumi yangu nikala supu na chapati mbili. Kuku nimewapa chanjo ya kideri, tone moja kwenye jicho kila miezi mitatu, sijawahi kuruka, vicheche nimewawekea wavu, wezi nimewawekea kufuli, sasa nani angefikiria nyigu?

Mvua zilipoanza nikamuona mmoja. Mmoja tu, kiuno kama uzi wa cherehani, ananing'inia kwa ndani juu ya mlango anahangaika na kitu kama kifungo cha shati. Nikasema huyu naye maskini anatafuta maisha kama sisi, na mvua hii umfukuze aende wapi. Huruma mbaya jamani. Nilikuja kushtuka kifungo kishakuwa sahani ya kikombe, na yule maskini kumbe ndo mama mwenyewe, keshazaa ukoo mzima na wote wananitazama mimi kama nimekuja kudai kodi.

Sasa siku moja nimekaa zangu nje na chai nasikia krr, krr, krr, kasauti kadogo kama panya anatafuna gunia. Nasogea taratibu nakuta nyigu kakalia banzi langu anakwangua ubao kwa taya zake, ameacha mstari mweupe kama umekwaruzwa na kucha, akishapata kidonge chake anakitafuna na mate huyooo anaingia nacho ndani. Yaani wananitafunia banda wakajengee banda ndani ya banda! Na ukilitazama lile kota lao kwa jicho la pembeni, bila kusogea sana, ni trei ya mayai kabisa, rangi ile ile ya kijivu, karatasi ile ile, vishimo vile vile, na kwenye vishimo kuna mayai na vifunza. Nyigu ana trei imejaa, mimi mwenye kuku nanunua mayai dukani nipikie watoto chipsi mayai.

Jogoo ndo alijifanya mwanaume. Akaruka akadonoa mmoja, nadhani hata ladha hakuisikia, wenzake wakamshukia kwenye upanga wa kichwani ukavimba ukalala upande kama kofia ya mgambo. Tangu siku hiyo hakanyagi kwetu, anashinda kwa jirani, anawika huko saa kumi alfajiri, na jirani anakuja kunigombeza mimi.

Ushauri sasa, ushauri ndo usiseme. Mmoja ananiambia mwagia petroli, na banda la mabanzi limekauka vile, si ndo nachoma na mwembe juu yake na kuku wote huko juu? Mwingine eti pulizia dawa ya mbu, nikamuuliza na kuku wakirudi kulala humo watavuta nini? Shemeji yangu ndo akasema la maana, subiri usiku, usiku wote wanakuwa wametulia kwenye kiota, unaenda na gunia unavisha unakata unafunga. Nikamwambia basi njoo usiku. Akasema ana semina.

Nikaenda mwenyewe saa tatu usiku. Nimevaa koti la mvua, helmeti ya bodaboda niliyoazima kijiweni, chandarua juu yake, jasho linatiririka, mama watoto yuko dirishani na watoto kama wanaangalia fainali. Mkono mmoja gunia, mkono mwingine kisu, sasa kurunzi naishikia wapi? Nikapandisha chandarua kidogo nikaiweka simu mdomoni, taa imewaka mbele. Wadau, nyigu usiku ukimshtua anafuata mwanga. Na mwanga ulikuwa kwenye meno yangu.

Wa kwanza mdomo wa juu, wa pili mdomo wa chini, wa tatu akaingia kwenye helmeti tukawa wawili humo ndani na mlango wa kutokea hakuna anayeuona. Nyuki akikuuma mwiba unabaki na yeye anakufa, angalau mnakuwa mmelipana. Nyigu hana hasara hiyo, anachomoa anarudia, anachomoa anarudia kama cherehani. Na nimekuja kusikia wanaouma ni majike tu, dume hana mwiba. Nikamwambia mama watoto, akanijibu basi leo umejua tunavyojisikia mkituudhi, akaendelea kusonga ugali.

Asubuhi mdomo umetangulia, mimi nafuata nyuma. Mwanangu mdogo kanitazama muda mrefuuu halafu akasema baba leo umekuwa kambale.

Na siku hiyo hiyo kulikuwa na kikao cha harusi ya mtoto wa binamu, kutokwenda siwezi, nitaonekana nakwepa mchango. Nikajifunga leso nikakaa nyuma kabisa. Wakafika kwangu, kaka ahadi yako tuandike ngapi? Nilitaka kusema hali ngumu, niandikieni thelathini. Mdomo ukatoa "mm mm mm". Katibu akasikia anachotaka, akasema kaka ameahidi laki mbili, makofi! Nikatikisa kichwa kukataa, chandarua cha jana kimenikaza shingo inaenda upande mmoja tu, wakaona nimeitikia. Wakaongeza makofi.

Kiota mpaka leo kipo. Mama watoto ndo kwanza anawatetea, anasema tangu waje viwavi kwenye tuta lake la mchicha wamepungua, anawaona kwa macho yake wanabeba kiwavi wanapeleka kwa watoto wao, kwa hiyo nisiwaguse mpaka avune. Sawa. Mimi nani.

Leo asubuhi mweka hazina wa kamati kanipigia tena, kaka vipi ile laki mbili, harusi imekaribia. Nikamjibu kwa upole kabisa kwamba hela taslimu sina, ila ahadi ni deni, kuku wapo, aje achague hata watano walionona. Wako bandani, hana haja hata ya kupiga hodi, asukume tu mlango aingie.