Mshenga Aliyefuka Moshi

Ujumbe wa sauti wa rafiki yangu wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, ulivuka maji na kufika Mokowe kabla doa la ukwaju halijakauka kwenye kanzu yangu. Kwa mujibu wa ujumbe huo, nilishika moto mwili mzima, nikakimbia kutoka mtaa wa Mkomani hadi gatini nikipiga mayowe, nikajitupa baharini, na posa ya mpwa wangu ikavunjika papo hapo. Ndugu wafuasi, nimeusikiliza hadi mwisho, pamoja na pale anapoigiza sauti yangu, na ninakubali kwamba kwa usimulizi ni mtamu kuliko tukio lenyewe. Hata hivyo, bahari haikuhusika kabisa. Waliohusika ni mfuko wa kanzu na mtoto mmoja mwenye jagi.

Nianze na kiko, kwa sababu rafiki yangu amekitukana na hakistahili. Kile kiko changu kikubwa cha mzizi wa brayari, ambacho wengi wenu mmekiona, kikijazwa hutaka karibu saa nzima ya utulivu, na hapa Lamu hakuna mtu mwenye saa nzima iliyo yake peke yake: ukikaa barazani utasalimiwa, utaulizwa hali ya nyumbani na bei ya samaki, na hujamaliza kujibu adhana imetoka. Tumbaku iliyoachwa nusu ikiwashwa tena baadaye huwa chungu na yenye majimaji. Kujaza kiko kikubwa nusu si dawa, maana mwali wa kiberiti lazima uvutwe hadi ndani sana, na njiani unaunguza mdomo wa kiko. Nilitaka kiko kidogo, cha kuvuta wakati boti inasubiri kujaa abiria, tena cha bei nafuu, kwa kuwa vitu vyangu vina desturi ya kuangukia majini.

Nilipokwenda Malindi kwa shughuli nyingine nilipitia maduka ya vinyago. Kulikuwa na kiko cha jiwe la Kisii, chepesi kwa macho na kizito kwa meno, ambacho kikipata moto hakishikiki. Kulikuwa na kingine cha mti mweusi, kimenakshiwa kichwa cha simba, kimepakwa vanishi nje na ndani, kana kwamba mnunuzi anatarajiwa kuanza kwa kuivuta vanishi hiyo. Nilipenyeza waya laini kutoka kwenye shilamu, yaani bomba la kuvutia, ili nione unatokea wapi, ukatokea katikati ya ukuta wa kichwa cha kiko badala ya chini kabisa. Mwenye kuvuta anajua maana yake: tumbaku iliyo chini ya tundu haiungui kamwe, hukaa pale ikilowana, na kila ukivuta unasikia malio kama ya kiko cha maji. Muuzaji aliniambia kwamba simba yule ni wa kuchongwa kwa mkono. Sikubishana naye.

Hatimaye binamu yangu anayefanya kazi melini aliniletea kiko cha gunzi la mahindi, kwa bei isiyonunua hata nusu ya kanzu nzuri. Naam, gunzi lile lile ambalo sisi tunalitupa kwa mbuzi. Kule Marekani, katika mji wa Washington ulioko jimbo la Missouri, kampuni iitwayo Missouri Meerschaum imekuwa ikitengeneza viko vya magunzi tangu mwaka 1869, na jina lake limeazima sifa ya lile jiwe jeupe jepesi liitwalo meerschaum, linalochimbwa Eskişehir, Uturuki, ambalo viko vyake ni vya wenye fedha. Changu ni kile kidogo: kidole cha mwisho kinaingia kwa shida, tumbaku kavu ikishindiliwa kwa wastani hudumu dakika 15 au 20, na gunzi lenyewe hunyonya unyevu, kwa hiyo hakuna malio. Shilamu yake ni ya plastiki, jambo ambalo wenye viko vya bei huligeuzia nyuso. Sifa yake kubwa ni kwamba gunzi halipitishi joto upesi: ndani kunaweza kuwa na kaa jekundu, na mkono ulioshika nje usijue lolote. Ikumbukeni sifa hiyo.

Basi siku ya posa. Mimi ndimi mjomba, na ndimi niliyepewa kazi ya usemaji, nikavaa kanzu nyeupe ya pamba iliyoshinda juu ya chetezo ikifukizwa udi. Tulifika Mkomani mapema, mzee wetu mmoja akawa amechelewa, nami nikaona kwamba wakati wa kiko kidogo ndio ule. Nikaingia kichochoroni. Ilikuwa kaskazi imekaza, na vichochoro vyetu mnavijua vinavyoukamua upepo. Nilikuwa katikati ya starehe yangu mzee alipotokea. Nikashindilia kwa kidole, nikaona majivu ya kijivu, nikakishika kiko pande zote, baridi, nikakitia mfukoni pamoja na kitambaa cha mkono na karatasi niliyoandika hotuba yangu.

Tuliketishwa kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, kwenye benchi za mawe zinazotazamana, mimi mbele ya baba wa binti, na rafiki yangu wa Langoni ubavuni mwangu, upande wa mfuko. Naomba mkumbuke hilo pia.

Salamu zikaanza. Mzee yule ni mtu wa adabu za zamani, hamwulizi mtu hali yake kabla ya kumaliza hali ya wazazi wake, walio hai na waliotangulia. Tulipokuwa kwa marehemu babu yangu nilihisi uvuguvugu pajani, nikadhani ni woga, kwa sababu sijawahi kuwa mshenga. Tulipofika kwa shangazi zangu uvuguvugu ulikuwa umeacha kufanana na woga. Nikajisogeza kidogo, kitendo ambacho sasa ninafahamu kwamba kiliipatia karatasi hewa iliyokuwa ikiihitaji.

"Mashaallah," mzee akasema, akinusa. "Udi wenu huu ni wa wapi, mwanangu?"

Kabla sijafungua kinywa, rafiki yangu akajibu kwa unyenyekevu mkubwa, "Ni wa Oman, mzee wangu." Alikuwa amekwisha kuuona moshi. Yeye mwenyewe ameeleza katika ujumbe wake kwamba aliuona tangu kwa babu.

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaingia kwenye maswali yenyewe. Kijana anafanya kazi gani? Nikajibu. Ana madeni? Nikajibu, nikiwa nimeubana mfuko kwa kiwiko, jambo lililoupeleka moto kwenye ngozi. Akanyamaza kidogo, akazipitisha tasbihi zake vidoleni, punje kwa punje, nami nikawa ninazitazama punje zile na kumwomba Mola azipe mbio. Kisha akaniangalia usoni.

"Na tumbaku je? Mimi, mwanangu, mtu wa moshi simpi binti yangu."

Ndugu wafuasi, hotuba yangu ilikuwa na sentensi maalumu kwa swali hilo, niliyoitunga usiku na kumsomea mke wangu. Karatasi ilikuwa ikiungua, lakini sentensi nilikuwa nayo kichwani, na nikaitoa kwa sauti kamili, kwa kituo mahali pa kituo: "Mzee wangu, kijana wetu, alhamdulillahi, hajui hata rangi ya moshi."

Na moshi ukatoka. Haukutoka kwa aibu, kama ulivyokuwa ukifanya hadi hapo, bali ulipanda mnene kutoka kiunoni, ukapita mbele ya kifua, ukajigawa mara mbili kwenye ndevu zangu, ukaenda zake juu kwenye boriti za daka, na wazee wote wa pande mbili wakausindikiza kwa macho hadi ulipoishia. Nyuma ya pazia la mlango, ambako wanawake walikuwa wakitusikiliza tangu mwanzo, mtu mmoja alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Mshenga," mzee akasema taratibu, bila kubadilisha sauti, "naona umetujia na chetezo chako."

Nikatia mkono mfukoni ili nikitoe kiko. Hapo mfuko ulifunguka, hewa ikaingia, na kile kilichokuwa kikifuka kikawaka, mwali mdogo wa manjano unaokula kitambaa kwa raha zake, nami nikasimama nikiwa na kiko mkono mmoja na nusu ya hotuba mkono wa pili, mbele ya watu ambao nilikuwa nimetoka kuwahakikishia usafi wa mapafu ya ukoo wetu. Wazee wakaanza kunyanyuka kwa heshima, kila mmoja akimpisha mwenzake atangulie kuniokoa. Aliyefika ni ndugu mdogo wa binti, mtoto wa kadiri ya miaka minane, aliyekuwa ameleta sinia la vinywaji. Hakusema neno. Alichukua jagi la maji ya ukwaju kwa mikono miwili, akalenga, akalimimina lote, kokwa na vipande vya barafu pamoja.

Yaliyofuata ni machache. Nilifunikwa kikoi cha mwenye nyumba. Rafiki yangu alimalizia usemaji, kwa ufasaha, na hilo ndilo linaloniuma zaidi ya paja. Mzee aliuliza swali la tumbaku upya, safari hii akamwuliza kijana mwenyewe, akaridhika. Posa ilikubaliwa, fatiha ikasomwa, na kwa taarifa ya wanaosikiliza ujumbe wa sauti, hakuna kilichovunjika isipokuwa glasi moja ambayo wala si mimi niliyeivunja.

Kiko nacho kizima. Kimeungua mdomo kidogo na kinanukia ukwaju, ninakivuta kila jioni gatini, na mwenye kutaka kiko kidogo cha bei nafuu bado nitamwelekeza kwenye gunzi bila kusita. Aongeze tu bati dogo lenye mfuniko unaobana, maana kaa lisilopata hewa hufa, na asiyaamini majivu ya kijivu wakati wa kaskazi. Kanzu yenyewe mke wangu ameipeleka kwa fundi. Nilimwuliza kama kiraka kitaonekana, akanijibu kwamba hakuna kiraka: fundi ameagizwa autoe mfuko, na kanzu zangu nyingine zote azishone midomo ya mifuko kabla ya siku ya harusi.