Kunakili kwa Tingatinga: lawama iende wapi?

Edward Saidi Tingatinga alichora kwa takriban miaka minne tu. Alianza mwaka 1968 jijini Dar es Salaam, kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi vya mraba, picha akiziuza Oysterbay, pale Morogoro Stores. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani ni mhalifu, akafa. Aliacha mtindo wa uchoraji unaoitwa kwa jina lake, na wanafunzi wachache, wengi wao ndugu na jamaa zake waliotoka kusini.

Leo ukipita kwenye maduka ya picha za mtindo huo utakutana na chui yuleyule, twiga walewale na Kilimanjaro ileile nyuma yao, safu kwa safu, kila picha na sahihi yake. Wakosoaji wanasema hiyo si sanaa tena, ni bidhaa ya watalii. Macho hayawadanganyi.

Ila tuangalie mchoraji anavyopatikana. Mwanagenzi huanza na mandhari ya nyuma: anapaka rangi moja, anaififisha nyingine juu yake, anaacha ikauke. Fundi anachora umbo la mnyama, kijana anajaza vitone. Rangi hiyo ya kung'aa ni nyepesi. Brashi ikibeba nyingi inachuruzika, ikibeba kidogo kitone kinatoka na kovu. Mkono ukishatulia ndipo anaachiwa kunakili picha nzima ya fundi wake. Hakuna mtaala wala cheti. Bila kunakili huko, mtindo huu ungezikwa na mwenyewe mwaka 1972.

Kwa hiyo sioni tatizo kwenye kunakili. Tatizo ni kwamba aliyefuzu hana sababu ya kuacha. Simba ananunuliwa wiki hii. Foleni ya hospitali au ngoma ya mtaani, hata ikichorwa vizuri kiasi gani, inakula vumbi ukutani. Na kijana ana kodi ya chumba.

Hata hivyo, wanaotetea wanajificha mno nyuma ya neno "utamaduni". Enzi za mwanzo mpwa alichukua wazo la mjomba na hakuna aliyedai, kwa sababu pesa zilirudi kwenye ukoo uleule. Sasa wanafunzi wanatoka kila kona ya nchi, lakini desturi ni ileile ya kifamilia. Aliyekesha akibuni picha mpya anaikuta wiki ya pili kwa jirani, kwa bei ya chini. Nani atajisumbua kubuni tena?

Wanaouza Mwenge au Zanzibar kwa njia zao huwezi kuwalazimisha, hilo najua. Lakini wachoraji wa Morogoro Stores wana ushirika tangu mwaka 1990, na unaweza kuanza na jambo dogo: nyuma ya kila picha, kando ya jina la aliyeichora, liandikwe la aliyeibuni, na akatiwe chochote ikiuzwa.