Riba ya Asilimia 18 Inalipwa na Nani?

Mapema mwezi wa Februari mwaka 2024 chama chetu cha akiba cha watu kumi na wanne kilifanya kikao ambacho sitakisahau, kwa kuwa siku hiyo hatukuzungumzia kiwanja wala mwanachama aliyechelewesha mchango, bali tuliijadili serikali kama vile mtu aliyebisha hodi akitaka kuazimwa pesa. Serikali ya Kenya ilikuwa inauza hatifungani ya miundombinu, au bondi kama wengi wetu tunavyosema, yaani hati ambayo serikali huiuza ili ikopeshwe pesa na kuzirudisha na riba; hii ilikuwa ya miaka minane na nusu. Ilitaka shilingi bilioni 70. Matokeo yalipotoka, maombi ya wakopeshaji yalikuwa yamepita bilioni 288, serikali ikachukua takriban bilioni 241, na riba ikasimama kwenye asilimia 18.46 kwa mwaka, tena riba isiyokatwa kodi. Chama chetu kilikuwa kimo. Tulipongezana, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi zaidi. Ni baada ya siku chache ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo halijaniachia hadi leo: fedha za kutulipa sisi zitatoka wapi?

Ili kulijibu swali hilo ni lazima kwanza tuelewe ni kwa nini serikali yenye mamlaka ya kutoza kodi ikubali kukopa ghali kiasi hicho. Chanzo hakikuwa Nairobi peke yake. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, bei ya mafuta na ngano ikapanda duniani kote, na Kenya, inayonunua vyote viwili kutoka nje, ikahitaji dola nyingi zaidi kwa bidhaa zile zile. Mwezi uliofuata Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba yake, ambayo ilikuwa karibu na sifuri, na ilipofika Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Mwenye mtaji aliyeko New York au London hakuwa tena na sababu ya kuhangaika na masoko yetu wakati anaweza kulipwa vizuri bila hofu nyumbani kwake. Akauza, akabadilisha shilingi kuwa dola, akaondoka. Wale wenye hisa za kampuni ya simu ya Safaricom waliliona jambo hilo kwa macho yao: hisa iliyouzwa kwa zaidi ya shilingi 40 katika mwaka 2021 ilikuwa chini ya shilingi 15 mwishoni mwa mwaka 2023, ingawa kampuni iliendelea kupata faida na wateja wake hawakuacha kutuma pesa hata siku moja. Dola moja, iliyokuwa takriban shilingi 113 mwaka 2022 ulipoanza, ilifika karibu shilingi 160 mnamo Januari 2024.

Juu ya hayo yote kulikuwa na deni la dola bilioni 2 lililokopwa mwaka 2014 katika masoko ya nje kwa riba ya asilimia 6.875, ambalo lilipaswa kulipwa lote Juni 2024. Wakopeshaji walikuwa na wasiwasi kwamba Kenya ingeshindwa, kama zilivyoshindwa Zambia na Ghana kabla yake, na wasiwasi huo wenyewe uliidhoofisha shilingi zaidi. Februari hiyo hiyo ya 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine, safari hii kwa riba ya asilimia 9.75, ili kununua sehemu kubwa ya deni la zamani kabla ya siku yake. Benki Kuu ya Kenya nayo ilikuwa imepandisha riba yake hadi asilimia 13. Ndani ya majuma machache shilingi ilipata nguvu upya kwa kasi iliyowashangaza wengi, na sehemu ya nguvu hiyo ilitokana na wageni waliorudi na dola zao kununua bondi ile ile tuliyoinunua sisi. Nakiri kwamba hatua hizo zilituepusha na balaa kubwa. Ninachokataa ni kuzisimulia kana kwamba hazikuwa na mlipaji.

Mlipaji yupo, naye anapatikana kwenye simu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha ushuru unaotozwa kwenye ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15, na kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Mswada wa mwaka 2024 ulitaka kuupandisha ushuru huo wa ada za simu hadi asilimia 20, na kuutoza mkate kodi ya asilimia 16. Mtazame mwanamke anayeuza mboga kwenye soko la mtaani kwetu: hulipa ada anapomtumia msambazaji pesa, hulipa anapotuma karo, hulipa nauli iliyopanda kwa sababu ya mafuta. Hana bondi. Lakini kila anapobonyeza kutuma, anachangia senti kadhaa za riba ambayo chama changu hupokea kila baada ya miezi sita, na ambayo sheria inasema isikatwe kodi kwa kuwa sisi tunajenga taifa. Je, yeye hajengi?

Wapo watakaonijibu kwamba teknolojia imefungua mlango kwa wote. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2023 mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu unamwezesha mtu kununua bondi na dhamana nyingine za serikali kwa simu yake bila kupanga foleni, na mimi nauheshimu sana mfumo huo. Lakini kianzio cha hatifungani za kawaida ni shilingi 50,000, fedha ambazo mwanamke huyo hawezi kuziondoa kwenye biashara bila meza yake kubaki tupu. Watasema pia kwamba ipo mifuko ya soko la fedha, inayokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza pamoja, na inayopokea hata shilingi elfu moja au chini ya hapo. Ipo, na ninawashauri watu waitumie. Hata hivyo, faida ya mifuko hiyo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, yaani kodi inayokatwa kabla pesa hazijamfikia mwenyewe, na meneja wa mfuko naye huchukua ada yake kwanza. Kwa hiyo mwenye kidogo hupitia kwa mtu wa kati na hukatwa kodi, ilhali mwenye kingi huikopesha serikali moja kwa moja kupitia bondi za miundombinu na hakatwi. Sioni hoja yoyote ya haki inayoweza kuutetea mpangilio huo.

Kenya ilishawahi kujaribu njia nyingine. Machi 2017 ilizindua M-Akiba, hatifungani iliyouzwa kwa simu peke yake, kianzio kikiwa shilingi 3,000, riba asilimia 10 isiyokatwa kodi, nayo ikilipwa kwenye simu ya mnunuzi. Toleo la majaribio la shilingi milioni 150 liliisha lote. Lile lililofuata lilitafuta bilioni 1 likapata takriban robo yake tu, na tangu hapo wakubwa wamelitumia tukio hilo kama ushahidi kwamba wananchi wa kawaida hawataki bondi. Nadhani ushahidi huo hautoshi. Mwaka 2017 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, tena uchaguzi uliofutwa na Mahakama ya Juu na kurudiwa, na watu walikuwa wameshika pesa zao mkononi. Dirisha la kununua lilikuwa fupi, na maelezo yalikuwa machache mno kwa mtu asiyejua hatifungani ni nini. Muuza mboga hapati fedha zake kwa tarehe ambazo serikali huuza bondi. Huzipata jioni, siku moja nyingi, siku nyingine hakuna.

Salio la deni la mwaka 2014 lilifika siku yake ya kulipwa Jumatatu, tarehe 24 Juni 2024, na likalipwa. Kesho yake, Jumanne, vijana waliingia bungeni kuupinga mswada wa kodi, na wapo waliopigwa risasi wakafa. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Sidai kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja, lakini yaliandikwa kwenye daftari moja la hesabu, na nilisikitika kuona vituo vya habari vikiyaweka katika vipindi tofauti, moja likiitwa uchumi na jingine likiitwa siasa.

Agosti mwaka huo chama chetu kilipokea riba yake ya kwanza. Nilipendekeza kwamba sehemu yake iwekwe kando, tuwakaribishe wachuuzi watano wa soko letu wajiunge kwa mchango wa shilingi 100 kwa siku, nasi tuwatangulizie kianzio hadi fungu lao lifike. Wanachama wanane walikubali, watano walikataa, mmoja alinyamaza. Wachuuzi watatu wameshaanza kuchanga, na mweka hazina ameanza kuwaandikia kwa mkono, kwa sababu kila mchango wa shilingi 100 wanauleta taslimu.