Kliniki ya sukari ambayo hakuna anayevua viatu

Hapa Kisumu, siku ya kliniki ya sukari kila mtu anajua mtindo: foleni, kutobolewa kidole, presha, mizani, halafu dirisha la dawa. Miguu inabaki ndani ya viatu tangu getini hadi mgonjwa anapopanda tuktuk kurudi nyumbani. Kwangu mimi hiyo ni kazi nusu.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva za miguu na kubana mishipa ya damu. Ganzi huingia polepole. Jirani yangu mmoja, muuza samaki, alikanyaga msumari sokoni Kibuye, ukatoboa ndara hadi ukaingia kwenye unyayo. Akauza hadi jioni. Aliyegundua ni bintiye, alipoona alama za damu sakafuni. Mwenye neva nzima angepiga mayowe hapo hapo! Na kwa sababu damu haifiki vizuri mguuni, kidonda kama hicho hakiponi upesi, kinaweza kuoza.

Takriban asilimia 85 ya miguu inayokatwa kwa ajili ya kisukari huanza na kidonda. Kwa hiyo muda wa kuokoa mguu huwa upo, tena mara nyingi ni wiki kadhaa.

Sisi tunangoja hadi mgonjwa aingizwe thieta kukatwa mguu. Hapo ndipo kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa na mchango unaingia haraka, jambo jema, ila sijawahi kuona mchango wa kumnunulia mgonjwa viatu vya kufunika vidole. Tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, tunabishana kuhusu bili ya hospitali tu. Bili hiyo haihesabu magongo, nauli ya kwenda kufungwa kidonda, mguu bandia unaochakaa na kuhitaji mwingine, wala mwendesha boda aliyeuza pikipiki.

Kukagua mguu kunataka nini? Macho ya kutazama katikati ya vidole, vidole viwili vya kutafuta mpigo wa damu juu ya wayo, na uzi wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10, mgonjwa akiwa amefumba macho aseme kama anausikia. Dakika chache. Tanzania, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake walianza kufunza madaktari na wauguzi kazi hii miaka ishirini iliyopita.

Najua nitaambiwa wauguzi ni wachache. Ni kweli. Lakini watu wanaketi kwenye benchi asubuhi nzima. Wavue viatu hapo. Na wahudumu wa afya wa jamii waliopewa vifaa mwaka 2023 tayari wana mashine ya kupima sukari begini. Waagizwe kutazama nyayo pia, maana wao wanafika nyumbani na wataona ambayo daktari haoni, kama lile karai la maji moto na chumvi ambalo watu wetu wanalowekea miguu isiyohisi joto.